Mshono wa Wiki ya Sita

Mdomo wa sungura hauna kasoro. Mwanya ule unaoshuka katikati ya mdomo wake wa juu, kutoka puani hadi menoni, sungura wote wanao, na wanakula nao majani vizuri kabisa. Lakini tangu zamani, mtoto wa binadamu akizaliwa na mdomo wa juu ulioachana, watu wamekimbilia kwa mnyama huyo kutafuta jina. Waswahili wakasema mdomo sungura. Wajerumani, Waingereza na Wafaransa nao, kila mmoja kwa lugha yake, wakamtaja sungura huyohuyo.

Jina limekaa na halitatoka leo wala kesho. Ubaya wake ni kwamba linapotosha. Mwanya wa sungura uko katikati kabisa. Wa mtoto karibu kila mara uko pembeni, chini ya tundu moja la pua, na upande wa kushoto huathirika takriban mara mbili ya ule wa kulia. Mara nyingine uko pande zote mbili, na nyama ya katikati imebaki peke yake chini ya pua kama kisiwa. Katikati penyewe ni nadra sana.

Kwa nini pembeni? Jibu lake kila mtu anatembea nalo usoni. Mtu akipitisha ncha ya kidole chini ya pua yake, atagusa kijifereji kifupi chenye kingo mbili zilizoinuka kidogo, moja kushoto na moja kulia. Kingo hizo zinafuata mahali ambapo vipande vya uso wake viliungana alipokuwa tumboni. Kwa watu wengi mshono ulifunga vizuri kiasi kwamba hakuna anayeukumbuka. Mwenye mdomo sungura ana mwanya palepale penye ukingo, kwa sababu upande huo mshono haukufunga.

Neno jingine linalotumika sana ni mpasuko, nalo lina madhara yake. Chungu kilichopasuka kilikuwa kizima jana. Mama anayeambiwa kwamba mwanawe amepasuka mdomo huanza papo hapo kumtafuta aliyempasua: jirani mwenye kijicho, mizimu iliyosahauliwa, siku ile alipomcheka mtu mwenye ulemavu njiani. Lakini mdomo huu haukuwahi kuwa mzima. Kila binadamu aliyewahi kuzaliwa alianza safari yake akiwa na mianya hiyo, kushoto na kulia. Kinachopaswa kuulizwa ni kitu gani kiliwazuia majirani wawili wa nyama wasikutane kwa wakati wao. Swali hilo limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya karne moja, na majibu yake yamekuwa yakipatikana, moja baada ya jingine, ndani ya jeni na protini.

Mafundi wa mikeka wa pwani hawafumi mkeka mzima kwa mpigo mmoja. Kwanza husuka ukili, mkanda mrefu mwembamba wa ukindu, kisha hushona mkanda kwa mkanda, ukingo kwa ukingo, hadi mkeka ukapata upana wake. Uso nao hushonwa.

Mwishoni mwa wiki ya nne tangu mimba kutungwa, kiinitete kina urefu wa milimita nne au tano na hakina uso. Kuna shimo litakalokuwa kinywa, limezungukwa na vinundu vitano: kimoja juu kama paji, viwili pembeni vya taya la juu, viwili chini vya taya la chini. Kwenye kinundu cha juu hutokea madoa mawili ya ngozi nene ambayo huzama taratibu na kuwa matundu ya pua, huku kingo zake zikivimba, moja kwa ndani na moja kwa nje. Katika wiki ya sita na ya saba vinundu vya taya la juu husukuma kuelekea katikati na kukutana na zile kingo za ndani. Vikigusana na kushikana, mdomo wa juu umepatikana. Kaakaa hufuata: bapa mbili zilizokuwa zikining'inia wima kando ya ulimi hujiinua, hulala juu yake, na kuungana kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili. Ndiyo maana mtoto anaweza kuzaliwa na mdomo ulioachana na kaakaa zima, au kaakaa lililoachana na mdomo mzima, au vyote viwili kwa pamoja.

Nyama ya vinundu hivyo haikuanzia pale usoni. Ilihamia. Mwaka 1969 mwanasayansi wa Ufaransa, Nicole Le Douarin, alitambua kuwa seli za kware zina alama ya kuzaliwa nayo: chini ya hadubini, kiini cha seli ya kware kina doa zito ambalo seli ya kuku haina. Akaanza kuchukua vipande vidogo vya kiinitete cha kware na kuvipandikiza ndani ya yai la kuku, kisha akawa anafuata doa lile kama mchungaji anavyowafuata ng'ombe wake kwa chapa. Seli zilizotoka kwenye kingo za mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo zilionekana zikisafiri hadi mbele ya kichwa, zikajenga mifupa ya uso. Hizi ni seli za ukingo wa neva, na kila aliye na uso anao kwa hisani yao.

Mwaka 2003 Richard Schneider na Jill Helms, wakifanya kazi San Francisco, walikwenda hatua moja mbele. Walichukua seli hizo kwa kware wakampa bata, na za bata wakampa kware. Bata akaota mdomo mfupi wa kware. Kware akaota mdomo mrefu bapa wa bata. Wahamiaji walikuwa wamebeba ramani ya uso mifukoni mwao, na wenyeji waliifuata.

Ramani hiyo imeandikwa kwa jeni na husomwa kwa protini. Jeni ni agizo lililoandikwa kwenye DNA kwa herufi nne tu. Protini ndiyo mfanyakazi anayetokana na agizo hilo. Wapo wafanyakazi wa kupeleka ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine. Wapo wanaoupokea mlangoni. Wapo wanaoingia hadi kwenye kiini na kuwasha au kuzima jeni nyingine, na wapo ambao kazi yao ni kushika tu, seli hii na ile, zisiachane. Uso unahitaji aina zote hizo, kila mmoja mahali pake na kwa siku yake.

Neno siku hapa si la kupamba. Katika miaka ya 1950, wafugaji wa jimbo la Idaho nchini Marekani walikuwa wakipata wanakondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Watafiti wa wizara ya kilimo waliufuatilia mkasa huo hadi kwenye mmea wa milimani, Veratrum californicum, ambao kondoo jike waliula malishoni. Kuula hakukutosha. Ilibidi uliwe siku ya 14 ya mimba. Uso wa mwanakondoo aliyepita siku hiyo salama haukupata tena jicho moja. Miongo kadhaa baadaye ikajulikana kwamba kemikali ya mmea huo, saiklopamini, inaziba njia ya ujumbe wa protini moja iitwayo Sonic hedgehog, ile inayoiambia nyama ya uso mahali katikati ilipo na pembeni palipo. Ujumbe ukizibwa siku ile, uso hukosa katikati. Ukizibwa siku nyingine, huharibika kitu kingine au hakiharibiki chochote.

Sasa vinundu vimefika. Vimesimama ubavu kwa ubavu. Hapa pana kazi ngumu kuliko safari yenyewe, kwa sababu ngozi ya kiinitete ina matakwa mawili yanayopingana: isigandane na ngozi nyingine, na igandane.

Mpishi wa chapati anaijua shida hii. Akikata madonge na kuyapanga kwenye sinia bila kuyanyunyizia unga, baada ya dakika chache yatakuwa donge moja. Kiinitete nacho kimejaa mikunjo inayogusana: kidole na kidole, ulimi na kaakaa. Kinachoizuia isigandane ni utando wa seli bapa, nyembamba mno, uitwao peridemu, unaofunika mwili wote na kupukutika baadaye. Huo ndio unga wa chapati. Lakini pale ambapo mdomo unatakiwa kuungana, unga lazima uondolewe kwanza, seli za chini zikutane uso kwa uso, kisha mshono wenyewe uyeyuke ili nyama ya pande mbili iwe moja. Ukibaki unga kidogo, madonge hayashikani. Ukikosekana unga kwingineko, mambo huenda kombo vilevile.

Protini inayosimamia unga huo iligunduliwa kupitia familia zenye vitundu mdomoni. Mwaka 1954 Anne Van der Woude alieleza katika jarida la jenetiki la Marekani kuhusu watu waliozaliwa na vishimo viwili vidogo kwenye mdomo wa chini, kimoja kila upande wa katikati. Vishimo hivyo havina maumivu. Wakati mwingine hutoa tone la mate, na mwenyewe huishi navyo bila kuvijali. Lakini katika familia hizo watoto wenye mdomo sungura au kaakaa lililoachana walikuwa wengi mno. Mzazi mwenye hali hiyo, ambayo sasa huitwa sindromu ya Van der Woude, humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, na haijulikani mapema nani atapata nini: mmoja vishimo tu, mdogo wake mdomo, binamu yao kaakaa. Takriban 2 kati ya kila watoto 100 wenye mdomo au kaakaa lililoachana wana sindromu hii.

Ilijulikana kwamba kosa liko kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya kwanza, lakini sehemu hiyo ina jeni nyingi. Timu ya Jeffrey Murray na Brian Schutte katika Chuo Kikuu cha Iowa iliitafuta jeni hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 2002 ufunguo ukapatikana kwa watoto mapacha. Walikuwa mapacha wa yai moja, waliopaswa kuwa na maagizo yaleyale herufi kwa herufi. Mmoja alikuwa na sindromu ya Van der Woude. Mwenzake hakuwa nayo, wala wazazi wao. Kwa hiyo popote palipokuwa na tofauti kati yao, hapo ndipo pa kutazama kwanza. Tofauti ilionekana kwenye jeni iitwayo IRF6: kwa pacha mwenye sindromu, herufi moja ilikuwa imegeuka na kuwa alama ya kusimama, hivyo protini ilikatishwa kabla haijakamilika. Timu ikageukia familia nyingine na kukuta jeni hiyohiyo imeharibika, kila familia kwa namna yake.

Jambo hili liliwashangaza wengi. Ukoo wa IRF ulikuwa unajulikana kwa kazi ya kinga, kuamsha mwili virusi vinapoingia. Hakuna aliyetarajia mmoja wao awe fundi wa midomo. Maelezo yalikuja mwaka 2006, maabara zilipozalisha panya wasio na IRF6 inayofanya kazi. Panya hao walizaliwa wakiwa na ngozi nene inayong'aa, midomo imegandana, miguu imeshikamana na mwili. Chapati bila unga. Na ndani ya vinywa vyao kulikuwa na funzo kubwa zaidi: bapa za kaakaa zilikuwa zimegandana na ulimi, hivyo hazikuweza kuinuka na kukutana zenyewe kwa zenyewe. Kuungana mahali pasipo pake kulikuwa kumezuia kuungana mahali panapotakiwa. Kwa binadamu pia kuna familia ambazo jeni hiyohiyo ya IRF6, ikiharibika kwa namna nyingine, huleta utando wa ngozi nyuma ya magoti pamoja na mdomo sungura.

IRF6 haifanyi kazi peke yake. Juu yake yupo p63, protini inayoamuru ngozi iwe ngozi. Jeni yake, TP63, ikikosewa, mtoto anaweza kuzaliwa bila baadhi ya vidole, akiwa na nywele haba, meno machache na mdomo ulioachana. Hilo lilithibitishwa mwaka 1999. Mwaka 2010 watafiti walionyesha jinsi wawili hawa wanavyoishi. p63 huiwasha IRF6. IRF6 ikishapata nguvu, huipeleka p63 ikavunjwevunjwe, ili seli ziache kugawanyika na zikomae. Mwanafunzi anamstaafisha mwalimu wake, na lazima amstaafishe kwa wakati. Akichelewa au akiwahi, ngozi haiwi tayari siku ya mkutano.

Halafu kuna kosa lisilogusa protini hata kidogo. Mwaka 2008 kundi hilohilo la Iowa na wenzao lilieleza kuhusu herufi moja iliyo karibu herufi 10,000 kutoka kwenye mwanzo wa jeni ya IRF6, mahali ambapo hakuna agizo la protini yoyote. Pale kuna swichi. Protini nyingine, AP-2 alfa, hukaa juu yake na kuiwasha IRF6 kwenye ngozi ya uso. Herufi G ikiwa A, AP-2 alfa haishiki vizuri. Protini ya IRF6 ya mtu huyo ni nzima kabisa, ila swichi yake ni legevu. Mamilioni ya watu wanayo herufi hiyo na midomo yao imefunga. Inachofanya ni kuongeza uwezekano kidogo, kama upepo wa mbele unavyomchelewesha mwendesha baiskeli bila kumwangusha.

Baada ya unga kuondolewa, inabaki kazi ya kushika. Gundi kuu kati ya seli za ngozi ni E-kadherini. Mjapani Masatoshi Takeichi ndiye aliyeupa ukoo huo jina, baada ya kuona kuwa seli zake hushikana tu penye kalsiamu. Molekuli zake hutokeza nje ya seli kama mikono na kushika mikono ya seli jirani. Kwa ndani zimefungwa kwa fundo la protini ziitwazo katenini kwenye kamba zinazoipa seli umbo. Jeni ya E-kadherini huitwa CDH1, na ina sura mbili za kutisha. Mwaka 1998 watafiti wa New Zealand, wakisaidiana na familia moja kubwa ya Wamaori iliyokuwa ikipoteza watu kwa saratani ya tumbo wakiwa vijana, walikuta kosa kwenye CDH1. Miaka minane baadaye madaktari wa Ufaransa walieleza kuhusu familia ambamo saratani hiyo na mdomo sungura vilikwenda pamoja. Gundi inayoshindwa kuunganisha mdomo wa kiinitete ndiyo hiyohiyo inayoshindwa kuzishikilia seli za tumbo la mtu mzima. Hii ndiyo sababu swali kuhusu shangazi aliyefariki kwa saratani ya tumbo akiwa na miaka 35 ni swali la kitabibu mbele ya mtoto mchanga, na ni huzuni kwamba mara nyingi haliulizwi.

Gundi nyingine ni nektini-1, na habari yake inatoka Margarita, kisiwa cha Venezuela kilicho kwenye bahari ya Karibi. Huko kuna watoto wanaozaliwa na mdomo na kaakaa vilivyoachana, nywele chache na vidole vilivyoshikana, kwa kurithi nakala mbili mbovu za jeni ya nektini-1, moja kwa baba na moja kwa mama. Kosa hilo lilitambuliwa mwaka 2000 na maabara ya Richard Spritz huko Colorado. Wenye nakala moja tu ni wazima, na kisiwani hapo ni wengi kupita kiasi. Kwa nini wawe wengi? Watafiti walikumbusha kwamba nektini-1 ndiyo mlango ambao virusi vya malengelenge ya mdomo hupitia kuingia ndani ya seli, wakapendekeza kuwa mwenye mlango mmoja mbovu huenda ana kinga fulani. Wasomaji wa Afrika Mashariki wameshazoea hesabu ya namna hii: nakala moja ya sikoseli humkinga mtu na malaria kali, nakala mbili humwangamiza.

Vishimo vya mdomo, vidole, nywele, saratani: hizi ni familia zinazojitangaza. Watoto wengi wenye mdomo sungura, takriban 7 kati ya 10, hawana dalili nyingine yoyote. Duniani kote, takriban mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa na mdomo au kaakaa lililoachana, na wengi wao ndio hawa.

Kwao urithi upo, ila hauendi kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1942, Denmark ikiwa chini ya uvamizi wa Wajerumani, daktari Poul Fogh-Andersen alichapisha tasnifu iliyoonyesha kwa hesabu kwamba hali hii hujirudia ndani ya koo kuliko inavyoweza kutokea kwa bahati. Nchi hiyohiyo imehifadhi kumbukumbu za mapacha kwa miongo mingi. Kwa mapacha wa yai moja, mmoja akiwa na mdomo sungura, mwenzake huwa nao takriban mara moja kati ya mbili. Kwa mapacha wa mayai mawili ni chini ya mara moja kati ya 10. Pengo hilo ndilo mkono wa jeni. Lakini ile nusu nyingine, wale mapacha wa yai moja ambapo mmoja amefunga na mwingine hakufunga, inasema kwamba maagizo yaleyale, ndani ya tumbo lilelile, yanaweza kufika kwenye mkutano kwa nyakati tofauti.

Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani walilinganisha DNA ya mamia ya wenye mdomo sungura na ya watu wengine, na alama kubwa kuliko zote ikajitokeza kwenye kromosomu ya nane, katika eneo lisilo na jeni hata moja, jangwa kabisa. Majaribio ya panya yaliyofuata yalionyesha kuwa jangwani humo kuna swichi za mbali zinazoongoza jeni iitwayo Myc usoni. Tangu hapo alama kama hizo zimeongezeka hadi makumi, kila moja ikiwa na uzito mdogo.

Karibu alama hizo zote zilitafutwa kwanza kwa watu wa Ulaya na Asia, jambo lisilokubalika, kwa kuwa Waafrika ndio wenye aina nyingi zaidi za DNA kuliko watu wote duniani. Azeez Butali, daktari wa meno kutoka Nigeria anayefanya utafiti Iowa, amelifanya pengo hilo kuwa kazi ya maisha yake. Mwaka 2019 yeye na wenzake wa Ghana, Ethiopia na Nigeria walichapisha uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 kutoka nchi hizo tatu. Lile jangwa la kromosomu ya nane lilijitokeza tena. Kwa kaakaa lililoachana yakapatikana maeneo mapya mawili, na moja liko karibu na jeni ya alfa-katenini mojawapo, fundo lilelile linaloifunga kadherini kwenye kamba za ndani ya seli.

Tanzania imechangia kwa njia ambayo wananchi wengi hawaijui. Mange Manyama, aliyekuwa mwanaanatomia Mwanza, alichapisha mwaka 2011 pamoja na wenzake takwimu za watoto wenye midomo na makaakaa yaliyoachana waliotibiwa Hospitali ya Bugando. Kisha yeye na timu ya Spritz, yuleyule wa Margarita, wakageukia nyuso za kawaida. Watoto zaidi ya 3,000 wa Mwanza walikaa mmoja baada ya mwingine mbele ya kamera inayopima uso kwa pande tatu, na kila mmoja akatoa sampuli ya mate. Kompyuta ikapima umbali: kutoka ncha ya pua hadi mdomo, kutoka jicho hadi jicho, upana wa tundu la pua. Matokeo ya mwaka 2016 yalizitaja jeni mbili, SCHIP1 na PDE8A, kuwa zinahusika na ukubwa na umbo la uso wa watoto hao. Hoja ni rahisi kueleweka. Vinundu vikiwa vidogo kidogo tu au vimekaa mbali kidogo tu, safari ya kukutana inakuwa ndefu, na wakati ni uleule.

Kuna mambo ya nje yanayochelewesha safari hiyo. Sigara za mama huongeza hatari kwa takriban theluthi moja. Baadhi ya dawa za kifafa, hasa valproeti na topirameti, zinajulikana kuiongeza, na mwanamke anayezitumia anapaswa kuzungumza na daktari wake kabla ya kushika mimba, wala asiache dawa mwenyewe. Asidi ya foliki, inayotiwa sasa kwenye unga wa mahindi na ngano wa viwandani Tanzania na Kenya, imethibitika kuzuia mgongo wazi. Kwa mdomo sungura ushahidi wake ni dhaifu zaidi, ingawa hakuna sababu ya kuikosa.

Zaidi ya hayo ni hesabu ya tarehe. Kliniki huhesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wiki mbili kabla ya mimba yenyewe, kwa hiyo wiki ya sita ya kiinitete ni wiki ya nane kwenye kadi. Wanawake wengi wa Afrika Mashariki huhudhuria kliniki kwa mara ya kwanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Mama anayekaa kitandani wodini akiuliza alikosea wapi, alipoanza kuonekana tumbo, mdomo wa mwanawe ulikuwa umeshamaliza kujengwa zamani. Anastahili kuambiwa hivyo kwa maneno hayahaya, siku ileile, na mkwe wake na mumewe wakisikia.

Daktari mwenye ujuzi hutazama wazazi pamoja na mtoto. Humwomba baba ageukie dirishani na kushusha mdomo wa chini kidogo, kisha mama naye, akitafuta vishimo viwili vya ukubwa wa ncha ya pini. Akiviona, hesabu ya watoto watakaofuata kurithi sindromu hiyo ni nusu kwa nusu. Asipoviona, na ukoo ukiwa hauna habari nyingine, uwezekano wa mdogo wa mtoto huyo kuzaliwa na mdomo ulioachana ni kama watatu hadi watano kati ya 100. Huuliza habari za shangazi na wajomba. Huuliza kuhusu tumbo.

Muuguzi, kwa upande wake, anashughulika na njaa. Mtoto ambaye kaakaa lake halikufunga mara nyingi hawezi kunyonya, kwa sababu hewa hupita na maziwa hutokea puani; wapo wanaokufa kwa utapiamlo wakingoja upasuaji. Mama hufundishwa kukamua maziwa kwenye kikombe kidogo kisafi, kumwinua mtoto karibu wima mapajani, na kumgusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini ili anywe mwenyewe kwa ulimi, taratibu, na kumcheulisha mara kwa mara.

Akifikisha miezi mitatu hivi na uzito wa kutosha, hupelekwa chumba cha upasuaji. Mdomo una misuli yote na ngozi yote. Imekaa tu pande mbili mbalimbali. Kabla ya kugusa kisu, daktari huchukua kalamu ya wino na kuweka nukta ndogo ndogo: moja chini ya tundu la pua, moja kwenye kilele cha upinde wa mdomo upande uliofunga, kisha hupima umbali huo na kuuhamishia upande wa pili, hadi nukta za mwisho zinapokaa pale ambapo ukingo wa kile kijifereji ungekuwa.